Torati Ilikuwa na Kazi Gani? Nguruwe, Tohara, Sabato na Fungu la Kumi kwa Mkristo wa Uganda

Msimu wa senene unapofika Novemba, watu wa Masaka na Kampala hukesha chini ya taa kali na mabati, na asubuhi senene waliokaangwa huuzwa kwa vikombe kwenye vituo vya teksi. Pembeni yao utamkuta mama anayeuza kambare waliokaushwa kwa moshi, na hatua chache mbele kibanda cha nyama ya nguruwe. Anapita Mkristo mmoja, ananunua kambare, kibanda cha nguruwe anakipita huku amekunja uso. Ukimwuliza sababu, atakutajia Mambo ya Walawi sura ya 11. Sura hiyohiyo inamkataza kambare pia, kwa kuwa hana magamba. Na sura hiyohiyo inaruhusu wadudu wa jamii ya nzige na panzi wenye miguu ya kurukia, maana yake senene wa Masaka hawana tatizo lolote.

Simlaumu mtu huyo. Amefundishwa vipande, na vipande ndivyo vinavyotuchanganya. Mhubiri anasema sheria ya Musa iliishia msalabani, kisha muda si mrefu anafungua Malaki kudai fungu la kumi. Mama anaambiwa asisogelee madhabahu akiwa katika siku zake. Shemeji anamdai mjane wa marehemu ndugu yake, na aya ya Kumbukumbu la Torati iko mkononi. Katika makusanyiko yetu ya Kiswahili, kuanzia makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali hadi makanisa ya Katwe na Nsambya, Mkongomani, Mnyarwanda, Mganda na Mgisu wanakaa benchi moja, na kila mmoja amekuja na vipande alivyopewa kwao.

Tuanze na majina. Torati ni vitabu vitano vya kwanza vya Biblia: Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Ndani yake mna masimulizi na mna amri, na mara nyingi tukisema “torati” au “sheria ya Musa” tunazungumzia amri hizo. Walimu wa Kiyahudi walizihesabu wakapata 613, kati yake 248 za kutenda na 365 za kukataza. Amri Kumi ni sehemu ndogo tu ya jumla hiyo. Agano ni mapatano ya kiapo, na amri hizi ni masharti ya agano lililofungwa katika mlima Sinai kati ya Mungu na taifa moja, Israeli. Watu wa Mataifa ni wote wasio Waisraeli, yaani mimi na karibu kila anayesoma makala haya. Najisi ni hali ya mtu kutoweza kukaribia patakatifu kwa muda fulani. Hilo nitalirudia, maana linaeleweka vibaya kuliko yote.

Sisi hukimbilia kuuliza: je, amri hii inanihusu? Swali hilo huja mapema mno. Kwanza tuulize amri hiyo ilikuwa inafanya kazi gani kwa watu waliopewa, ndipo tuulize Kristo aliipeleka wapi. Anayeruka swali la kwanza atabaki akichagua aya kama mtu anayechagua nyanya sokoni, hii naitaka, ile siitaki.

Wokovu ulitangulia

Kuna imani iliyoenea sana kwamba zamani watu waliokolewa kwa kushika sheria, na sasa tunaokolewa kwa neema. Isome Kutoka kwa mpangilio wake uone. Bahari inagawanyika katika sura ya 14. Amri Kumi zinatolewa katika sura ya 20, na hata hapo maneno ya kwanza ya Mungu hayaamuru kitu: “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Baada ya hapo ndipo amri zinafuata. Hakuna mahali Waisraeli walipoambiwa kwamba wakizishika watatolewa Misri. Walikuwa wameshatoka. Torati iliwafundisha watu waliozaliwa utumwani namna ya kuishi wakiwa huru: jinsi ya kupumzika, kuhukumu, kulipa kibarua ujira wake, kuabudu bila sanamu. Ndiyo maana Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zaburi zote kwa mistari yake 176, ni wimbo wa mtu anayeipenda sheria. Wengi wetu tumelelewa na mahubiri ya Walokole, ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda tangu miaka ya 1930. Uamsho huo ulitufundisha vizuri sana juu ya dhambi na damu ya Yesu, lakini ulituzoesha pia kusikia sheria kama tishio tu.

Nchi hii inajua kinachotokea amri zinapokatwa na kutenganishwa na ule mstari wa kwanza. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kikundi kilichojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Baadaye miili mingine ilifukuliwa katika nyumba za kikundi hicho. Waumini walikuwa wameuza mali zao. Walizuiwa kuzungumza ovyo, wakawasiliana kwa ishara ili wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Walifundishwa kwamba dunia inaisha na kwamba atakayepona ni aliyezishika amri chini ya viongozi wao. Kaskazini nako, Joseph Kony alidai anataka Uganda itawaliwe kwa Amri Kumi, huku jeshi lake likiteka watoto na kuua wanakijiji, licha ya amri isemayo usiue. Amri zikigeuzwa kuwa bei ya kununulia uhai, yeyote anayejifanya mlinzi wa amri hizo amekwisha kushika roho za watu.

Mwiko wa meza

Sasa turudi kwenye nguruwe na kambare. Waganda wana koo zenye miiko yake. Mtu wa ukoo wa Mmamba hali kamongo. Wa Nsenene hali senene. Wa Ngabi hali pongo. Hakuna anayesema kamongo ana dhambi, na hakuna mzee wa Mmamba atakayemzuia mtu wa Ngabi kumla. Mwiko humkumbusha mwenye nao kila anapoketi kula kwamba yeye ni wa nani, baba zake ni akina nani, na hawezi kuoa wapi. Walawi 20:24-26 inaeleza kazi ya amri za chakula kwa namna hiyohiyo: Mungu anasema amewatenga Israeli na mataifa mengine, kwa hiyo nao watenge wanyama walio safi na walio najisi. Kila mlo ulikuwa ukumbusho wa agano.

Mfano huu una mpaka wake. Mwiko wa ukoo umetoka kwa mababu, na Mwisraeli aliamini Torati imetoka kwa Mungu mwenyewe. Lakini unatuondolea hofu isiyo na msingi. Taifa hili dogo lilikaa kati ya Misri na Kanaani, baadaye likapelekwa uhamishoni Babeli. Lingeweza kumezwa likasahaulika kama mataifa mengi ya zama hizo. Chakula, Sabato na tohara viliwaweka pamoja, na kutoka kwao akazaliwa Yesu.

Nimesikia mara nyingi kwamba Mungu alikataza nguruwe kwa sababu ya minyoo. Nyama ya nguruwe isiyoiva kweli ni hatari, na tegu si hadithi. Ila Walawi 11 haitaji afya hata mara moja. Inamkataza ngamia na sungura pia, na inaruhusu ng'ombe na mbuzi, ambao nao wana magonjwa yao. Anayetaka kuacha nguruwe kwa ajili ya afya yake aache, ila asiseme Musa ndiye aliyempa sababu hiyo. Kwa Mkristo, jibu limo katika Marko 7, ambako Yesu anasema kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni, na Marko anaongeza kwamba hapo alivitakasa vyakula vyote. Katika Matendo 10 Petro anaonyeshwa nguo kubwa iliyojaa wanyama wa kila aina, na anapoeleza maana ya maono hayo anazungumzia watu: asimwite mtu yeyote najisi. Miiko ya meza iliondoka kwa sababu meza yenyewe ilikuwa inapanuliwa.

Najisi si dhambi

Hapa akina mama wameumizwa, na ni lazima tuseme kwa ukamilifu. Chini ya Torati, aliyegusa maiti alikuwa najisi siku saba (Hesabu 19). Kumzika baba yako ni wajibu, kisha unakuwa najisi. Mwanamke akijifungua alikuwa najisi, ilhali uzazi ni baraka ya kwanza Mungu aliyowatamkia wanadamu. Mume na mke wakilala pamoja walikuwa najisi hadi jioni. Hakuna kati ya hayo lililo kosa. Unajisi ulihusu kukaribia hema la Mungu, na baadaye hekalu, baada ya kuguswa na kifo au na mambo ya uzazi na damu, ambako uhai huanzia na kuishia. Mtu alioga, akangoja, akarudi.

Maria, baada ya kumzaa Yesu, alikwenda Yerusalemu na sadaka ya ndege wawili, ambayo Walawi 12 iliwapangia maskini wasioweza mwana-kondoo. Hakuna Mkristo anayefikiri Maria alitenda dhambi kwa kumzaa Mwokozi. Na yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili katika Marko 5 alimgusa Yesu katikati ya umati. Kwa hesabu ya Walawi 15, Yesu ndiye angepata unajisi. Kilichotokea ni kwamba mama alipona, na Yesu akamwita “Binti”. Warumi walilibomoa hekalu mwaka 70. Kanisa linalomweka mama nje akiwa katika siku zake linatekeleza utaratibu wa jengo ambalo halipo tena, juu ya mtu ambaye Kristo angemwita binti.

Kuhusu sadaka za kuteketezwa, makanisa yote yamekubaliana, kwa hiyo sitakaa hapo. Waebrania 10 inaita torati kivuli cha mema yatakayokuwa, na inasema Kristo alijitoa mara moja kwa wote. Hatuchinji mwana-kondoo Ijumaa Kuu kwa sababu hiyo.

Tohara: Mbale na Galatia

Hakuna mahali nchini panaposaidia kumwelewa Paulo kuliko Mbale. Pale tohara ina maana nyingi kwa wakati mmoja. Bamasaba, yaani Wagisu, hufanya imbalu, tohara yao ya kimila, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana anayesimama bila kutetemeka mbele ya kisu anahesabiwa mwanamume. Waislamu wanatahiri kwa imani yao. Vituo vya afya vinatahiri kupunguza hatari ya VVU, jambo ambalo utafiti uliofanyika Rakai, hapahapa Uganda, ulisaidia kulithibitisha mwaka 2006, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likalipendekeza. Na katika kilima cha Nabugoye wapo Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wanaowatahiri watoto wa kiume siku ya nane.

Kisu ni kilekile, maana ni mbalimbali. Paulo alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, ili kazi isikwame (Matendo 16). Alikataa kabisa Tito, Mgiriki, alazimishwe kutahiriwa (Wagalatia 2). Alipowaandikia Wagalatia kwa ukali, alikuwa anapinga jambo moja: kumwambia mtu wa Mataifa kwamba imani yake kwa Kristo haitoshi mpaka aingie katika agano la Sinai. Akaongeza kwamba anayetahiriwa kwa maana hiyo ana wajibu wa kuishika torati nzima. Kijana wa Kigisu anayekwenda imbalu, au dereva wa boda anayekwenda kliniki, hayumo katika ugomvi wa Galatia.

Aliyelielewa hilo neno “nzima” ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kutwaa mashariki ya nchi. Alikuwa Mprotestanti, kisha akajiunga na Wamalaki, kundi lililoanza Buganda mwaka 1914 na kuwakataza watu wake dawa za hospitali. Alizidi kuisoma Torati kwa bidii. Alipofikia amri ya tohara na kuambiwa kwamba hiyo ni ya Wayahudi, mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akachagua kuwa Myahudi. Jamii aliyoianzisha ilivuka kifo chake mwaka 1928, ikavuka marufuku ya Idi Amin miaka ya 1970, na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mimi ni Mkristo na sikubaliani na Kakungulu juu ya Kristo. Lakini namheshimu kwa kutochagua vipande. Aliona Torati ni agano la taifa, akaingia katika taifa hilo.

Kanisa la kwanza lilikabiliwa na swali hilohilo, na likalijibu kwa mkutano. Takriban mwaka 49, mitume na wazee walikutana Yerusalemu (Matendo 15). Waumini fulani wa madhehebu ya Mafarisayo walisema watu wa Mataifa lazima watahiriwe na kuagizwa kuishika torati ya Musa. Petro alijibu kwamba Mungu alishawapa Roho Mtakatifu bila masharti hayo. Yakobo akapendekeza mambo manne tu: wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na vilivyonyongwa, na uasherati. Orodha hiyo inafanana sana na yale ambayo Walawi 17 na 18 iliwaagiza hata wageni waliokaa kati ya Israeli. Makanisa mengi yanaona sehemu ya vyakula ilikusudiwa Wayahudi na wasio Wayahudi waweze kula pamoja bila kukwazana. Mashahidi wa Yehova wanaona katazo la damu bado lina nguvu, na kwa msingi huo wanakataa kuongezewa damu hospitalini. Ukipita Karamoja, ambako damu ya ng'ombe na maziwa ni chakula cha wafugaji tangu zamani, utaona kwa nini wachungaji huko bado wanaulizwa kuhusu aya hiyo.

Walimu wa Kiyahudi wenyewe hawajawahi kumdai Mganda aache nguruwe. Katika mafundisho yao, watu wa Mataifa wana amri saba tu walizopewa wana wa Nuhu, kama kutoabudu sanamu, kutoua, kutoiba na kuweka mahakama za haki. Tunawabebesha watu mzigo ambao hata wenye Torati hawakuwawekea.

Basi zote zimefutwa?

Hapana, na Yesu alilizuia wazo hilo mapema: “Msidhani ya kuwa nalikuja kuitangua torati au manabii, la, sikuja kutangua, bali kutimiliza.” Amri zake mbili kuu amezitoa ndani ya Torati. Kumpenda Mungu kwa moyo wote ni Kumbukumbu la Torati 6:5. Kumpenda jirani kama nafsi yako ni Walawi 19:18. Anayesema Agano la Kale ni sheria na Agano Jipya ni upendo hajaona Yesu alikuwa akisoma wapi.

Makanisa ya kale yalipata njia ya kueleza jambo hili, na Kanisa la Uganda limeirithi katika Kifungu cha 7 cha vile Vifungu 39 vya Kianglikana. Amri za ibada, kama sadaka, vyakula na usafi, hazimfungi Mkristo. Sheria za kuendesha taifa la Israeli si lazima zipokelewe na serikali yoyote. Lakini amri za maadili, hakuna Mkristo aliye huru asizitii. Thomas Aquinas alikuwa amegawanya hivyohivyo karne ya 13, kwa hiyo Wakatoliki nao wanaujua mgawanyo huu. Ni chombo kizuri, ila kina udhaifu, maana Torati yenyewe haijajipanga kwa makundi matatu. Mstari unaofuata tu baada ya “umpende jirani yako” unakataza kuvaa nguo ya nyuzi za aina mbili. Ndiyo maana bado unahitaji kuuliza kila amri ilikuwa na kazi gani.

Paulo anaipa sheria kazi moja zaidi, na hii inamhusu hata asiye Myahudi: kwa sheria tunaitambua dhambi (Warumi 3:20). Katika Wagalatia 3:24 anasema, “Hivyo torati imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo, ili tuhesabiwe haki kwa imani.” Kiongozi amekufikisha. Hujamkana kwa kuwa umefika.

Sabato ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu imo ndani ya Amri Kumi na papo hapo ni alama ya Israeli. Wasabato wanashika Jumamosi kwa dhamiri safi, na wamegharimika: wanafunzi wao walikwenda mahakamani kupinga masomo na mitihani ya Jumamosi katika Chuo Kikuu cha Makerere, wakashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003 na katika Mahakama ya Juu mwaka 2006. Nawaheshimu, lakini dai moja linalosikika sana kwenye mijadala ya Sabato si sahihi, kwamba mfalme Konstantino au Papa ndiye aliyeleta Jumapili. Konstantino aliifanya siku ya mapumziko kwa sheria mwaka 321, ila Wakristo walikuwa wakikusanyika siku ya kwanza ya juma tangu Matendo 20, na Justin Martyr, mwandishi wa Kikristo wa kale, aliandika juu ya ibada hiyo katikati ya karne ya pili. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linaheshimu siku zote mbili. Paulo katika Warumi 14 anaruhusu mtu mmoja aiheshimu siku fulani na mwingine azione siku zote kuwa sawa.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika kugombania siku tumeisahau kazi yake. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu ya Sabato: mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika kama wewe, kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Ni familia ngapi za Kikristo Kampala zinazokwenda kanisani, Jumamosi au Jumapili, na kumwacha msichana wa kazi akifua, akipika, akilea, siku saba kwa juma bila mapumziko?

Shemeji na mjane

Kumbukumbu la Torati 25 inasema ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mwana, ndugu yake amwoe mjane, na mtoto wa kwanza apewe jina la marehemu. Angalia sharti: amekufa bila mwana. Angalia pia nani anadai. Ndugu akikataa, mjane ndiye anayekwenda kwa wazee langoni, anamvua kiatu na kumtemea mate usoni. Sheria hiyo ilimlinda mwanamke aliyebaki bila mtu katika nchi ambako shamba lilipita kwa wana, nayo ikamlazimu shemeji azae mtoto asiyekuwa wake kwa jina. Shemeji wa leo anayemdai mjane mwenye watoto wanne ili apate kiwanja anafanya kinyume cha kila neno lililomo humo. Na ni sheria ya taifa la Israeli. Uganda ina Katiba ya mwaka 1995, ambayo Kifungu chake cha 31 kinataka ndoa ifungwe kwa hiari ya mwanamume na mwanamke. Kwa njia hiyohiyo zisomwe adhabu za mawe katika Torati. Zilikuwa za mahakama za Israeli, kwa mashahidi wasiopungua wawili. Anayezitumia kuhalalisha umati kumpiga mtu hadi kufa mtaani hana hata Musa upande wake.

Fungu la kumi

Nimeacha hili la mwisho kwa kuwa linagusa maskini. Torati ilitoza sehemu ya kumi ya mazao na mifugo. Hesabu 18 inawapa Walawi, kwa sababu kabila hilo halikupewa ardhi. Kumbukumbu la Torati 14 inataja fungu la kumi ambalo familia yenyewe ililila kwa furaha mbele za Mungu, pamoja na Mlawi. Kila mwaka wa tatu, fungu hilo liliwekwa malangoni pa mji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Leo hakuna tena Walawi wanaohudumu wala hekalu. Wengine hujibu kwamba Abrahamu alitoa fungu la kumi kabla ya Musa. Kweli, Mwanzo 14, na lilikuwa la nyara za vita. Halafu nyara zilizobaki akakataa kujichukulia hata uzi. Paulo anawaambia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa.

Mkristo anayetoa sehemu ya kumi kwa kupenda anafanya vema, na makanisa yanahitaji fedha za kulipa watumishi na kujenga. Mimi pia natoa. Lakini kumwambia mkimbizi wa Nakivale anayeishi kwa mgao kwamba amelaaniwa kwa kuwa hakutoa sehemu ya kumi ya mgao huo, hilo halimo katika Torati wala Injili. Katika mwaka wa tatu, yeye ndiye angekuwa langoni akipokea.

Na wanaopenda kusoma Malaki 3:10, “ leteni zaka kamili ghalani”, waanzie mistari mitano nyuma. Katika Malaki 3:5 Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, juu ya wanaomwonea mjane na yatima, na juu ya wanaomnyima mgeni haki yake.